Ripoti isiyokuwa na jina langu

Viatu vya kwanza nilivyopewa kazini vilikuwa namba 43. Mimi navaa 38. Mtunza stoo aliniangalia miguu, akacheka, akasema, "Mama, bya banamuke haiko," yaani vya wanawake havipo. Nikavaa soksi mbili mbili, nikasokota karatasi mbele ya vidole, nikafanya kazi hivyo miezi saba. Mwezi wa nane nilijikwaa nikiwa nimebeba trei ya bilauri zenye asidi. Mbili zilipasuka. Hakuna aliyeungua, ila sakafu ilibaki na doa ambalo hadi leo wageni huniuliza ni la nini.

Karatasi ya tukio hilo ilisema: uzembe wa mfanyakazi. Hakuna neno kuhusu viatu. Nikasaini.

Ninaanza na viatu kwa sababu ndiyo karatasi ya kwanza niliyoitia sahihi huku moyo ukikataa. Zilifuata nyingine. Nikihesabu makosa yangu katika miaka hii kumi na kitu ndani ya maabara ya madini hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mengi yako kwenye karatasi, na haki chache nilizopata nazo nilizipata kwenye karatasi. Ushujaa haukunisaidia sana, nitaeleza kwa nini.

Nilisoma kemia. Mwaka 2014, siku ya usaili, niliulizwa maswali mawili ya kemia na manne ya nyumbani. Nina watoto wangapi? Nataka wengine? Nani atabaki na mtoto zamu ya usiku? La mwisho: "Bwana yako anaitika?" Wakaniambia nilete barua yake. Mume wangu aliiandika jioni ileile kwenye karatasi ya daftari la shule, akaweka sahihi kubwa kama ya gavana, tukacheka wote wawili. Sheria ya familia ya 1987 ilikuwa bado inamtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria. Kipengele hicho kilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Sikujua kimebadilishwa. Nilijua miaka mingi baadaye, na kutojua kwangu kulinigharimu, nitafika hapo.

Siku ya vipimo vya afya muuguzi alinipa kikopo cha mkojo. Nilidhani ni mambo ya figo. Kumbe walikuwa wanapima mimba. Sheria ya kazi ya 2002 ilikuwa tayari inakataza mwajiri kumdai mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba, isipokuwa kwa kazi zenye hatari kwa mama mjamzito au mtoto. Dada yangu unayesoma hapa, ukipewa kikopo, uliza ni cha kupima nini na uombe majibu yako mkononi. Swali peke yake huwafanya watu wakumbuke sheria.

Kwa wasiojua kazi yetu: lori linaleta mawe, sisi tunapewa kilo chache za sampuli. Tunakausha, tunaponda, tunasaga mpaka iwe unga laini kama wa bukari, yaani ugali, tunapima gramu kidogo, tunayeyusha kwa asidi moto, kisha mashine inatuambia humo mna shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Namba hiyo ndiyo inayoamua lori liende kwenye rundo gani. Ikikosewa, mawe mazuri yanatupwa na mawe ya bure yanalishwa kiwandani. Kwa hiyo maabara ni ndogo, lakini kila mtu anaiogopa.

Mwaka 2015 niliona kitu. Sampuli maskini zilikuwa zinatoka tajiri kuliko zinavyostahili, ila si zote, na si kila siku. Jiwe tulilolijua lina shaba asilimia 0.30 lilikuwa linasoma 0.36. Wakasema ni mashine, fundi akaitwa, akalipwa, akaenda zake, hali ikabaki ileile. Mimi nilikuwa nimewekwa kwenye kuandikisha sampuli, "kwa sababu una maandishi mazuri". Kazi hiyo ilinichosha, lakini ilinipa kitu ambacho wenzangu kwenye mashine hawakuwa nacho: nilijua sampuli gani ilisagwa baada ya ipi. Nikaanza kuandika. Kila mara jiwe maskini lilipopanda, lililotangulia kwenye kinu lilikuwa tajiri, la asilimia 4 au zaidi. Unga ulikuwa unabaki kwenye kuta za kinu na kumwachia mwenzake utajiri. Wavulana wa zamu walikuwa wanapuliza hewa tu, hawasagi mchanga mtupu katikati kusafisha.

Nikachukua mchanga safi usio na shaba, nikaupitisha kinuni mara baada ya jiwe tajiri, nikaupima. Ulisoma shaba! Nilitaka kupiga vigelegele peke yangu mle ndani. Ile furaha sijawahi kuipata mahali pengine, na ndiyo iliyonibakiza kwenye kazi hii hata nilipokuwa na sababu zote za kuondoka.

Sasa kosa. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, bila tarehe, bila jina, nyingine kwa penseli. Nilimpelekea mkuu wa maabara zile karatasi zenyewe, mkononi, ana kwa ana, bila shahidi. Akasema, "Acha nitaangalia." Wiki tatu baadaye tukaitwa mkutanoni. Mwenzangu mmoja, kijana tuliyekuwa tunakula naye bukari sahani moja, akasimama kueleza tatizo la kinu, mchanga mtupu, mfuatano wa sampuli, kila kitu. Ripoti ilikuwa na majina mawili, la mkuu na lake. Mwaka uliofuata kijana yule alipelekwa mafunzo Afrika Kusini.

Nikalipuka. Mbele ya watu ishirini, wakiwemo wageni wa makao makuu, nilisema maneno ambayo mama yangu angeyasikia angeniosha mdomo kwa sabuni. Hakuna aliyesikia habari ya kinu. Walisikia mwanamke anapiga kelele. Kesho yake nikapewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu, na kwa kuwa nilikuwa na aibu nikaisaini haraka haraka ili niondoke ofisini. Hiyo ni karatasi ya pili.

Laiti ningejua kitu kidogo sana: kusaini kwamba umeipokea barua hakukulazimishi kuyakubali yaliyomo. Unaandika kwa mkono wako, juu ya sahihi, "nimepokea, sikubaliani na yaliyomo", unaweka tarehe na saa, unaomba nakala. Wakikuandikia barua ya kuomba maelezo, jibu kwa maandishi ndani ya muda waliotoa, kurasa mbili zinatosha, usitukane mtu. Ukikaa kimya, faili itaongea kwa niaba yako, na faili huwa inaongea upande wa aliyeiandika.

Jioni ile nilipita kwa mzee mmoja jirani yetu kule Katuba, mkemia wa zamani, mtu wa chai na redio. Nilimwagia yote. Hakunipa pole. Aliniuliza kama ninajua urani ya Shinkolobwe ilikwenda wapi. Nani asiyejua, ni huko karibu na Likasi, Wamarekani waliitumia kwenye mabomu ya 1945. "Na aliyeeleza jinsi kiini cha urani kinavyopasuka?" Hapo nikanyamaza. Akanisimulia habari za Lise Meitner, mwanamke wa Austria aliyefanya kazi Berlin miaka mingi pamoja na Otto Hahn, akakimbia Wanazi mwaka 1938 kwa sababu alizaliwa Myahudi, na akiwa uhamishoni Sweden yeye na mpwa wake Otto Frisch ndio waliofafanua kwamba kiini kimegawanyika vipande viwili, nishati nyingi ikitoka. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1944 akapewa Hahn peke yake.

Mzee akasema, "Urani yetu ilifika kwenye bomu. Jina la yule mama halikufika kwenye tuzo." Kisha akaniuliza, "Weye, karatasi zako ziko wapi?" Nikamwambia amebaki nazo mkuu. Akatikisa kichwa. "Mutoto, karatasi ya kuruka ni ya upepo."

Kesho yake nilinunua daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa, si za kuchomoa. Mzee alinifundisha namna ya kulitunza, na ndivyo ninavyowafundisha wengine leo. Namba kila ukurasa kabla ya kuandika neno. Kalamu ya wino. Tarehe, saa, namba za sampuli, umefanya nini, umeona nini. Ukikosea usifute wala kupaka rangi nyeupe, piga mstari mmoja ili kosa lisomeke, andika sahihi pembeni. Nafasi iliyobaki chini ya ukurasa ikatie mstari ili mtu asije kuongeza lake. Jambo kubwa likitokea, mwombe mwenzako asome na kusaini "nimeona" siku hiyohiyo. Na matokeo muhimu yapeleke kwa barua pepe, hata kama mkuu anakaa mlango wa pili.

Tahadhari moja, maana niliwahi kuona binti akifukuzwa kwa hili: namba za madini ni mali ya mwajiri. Usibebe daftari la maabara nyumbani, usipige picha za matokeo. Nyumbani mimi nina kijitabu kingine kabisa, kinasema tu siku fulani nilifanya jaribio fulani, nikaliandika ukurasa fulani, akasaini fulani. Hakina asilimia hata moja.

Mwaka 2016, nikiwa nimekwisha kuhamia kwenye mashine, nikashika mimba, na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Niliificha miezi mitano. Aliyenitangulia alipotangaza yake alihamishiwa kwenye kumbukumbu "kwa muda", hakurudi kwenye mashine tena. Basi nikakaza koti, nikaendelea kuchemsha asidi ya nitriki mbele ya kabati la kuvuta mvuke ambalo, umeme wa SNEL ukikatika na jenereta kuwaka, feni yake huzunguka kama mzee anayepanda ngazi. Mtoto alizaliwa mzima, namshukuru Mungu. Lakini ile ilikuwa kamari, na aliyekuwa mezani hakuwa mimi. Kama ni leo ningesema mapema, kwa maandishi, na barua ingeomba mambo mawili pamoja: niondolewe kwenye asidi, na nihakikishiwe kurudi mahali pangu. Mimi nilidhani lazima nichague moja.

Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni wiki 14, hadi 6 kabla na hadi 8 baada, na mshahara ni theluthi mbili. Panga bajeti mapema. Sisi hatukupanga, tukala akiba ya kodi ya nyumba. Ukirudi una haki ya nusu saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mimi nilikamulia maziwa stoo, kati ya ndoo za chokaa, mlango nikiushikilia kwa mguu, mguu wenye kiatu namba 43.

Niliporudi, mashine ilikuwa na kijana niliyemfundisha mwenyewe. Mimi nikarudishwa kwenye kuandikisha sampuli. Posho ya zamu ikaondoka, dola 60 kwa mwezi, ambayo kwetu ilikuwa ada ya watoto wawili. Wakaniletea nyongeza ya mkataba niisaini. Karatasi ya tatu.

Hiyo sikusaini. Mkono ulitetemeka, sitadanganya. Nilisema, "Ninaomba siku tatu nisome." Ofisi ya wafanyakazi ikashangaa, na unajua walifanya nini? Walichomoa ile barua ya 2014, yenye sahihi ya gavana, wakampigia mume wangu simu. Wakamwomba aongee na mkewe. Sheria ilikuwa imekwisha kubadilika, lakini si mimi, si yeye aliyejua. Alirudi nyumbani amekasirika, na hasira ilinipata mimi kwanza kabla ya wao. Wiki mbili zile zilikuwa mbaya. Mama mkwe alikuja kutoka Kipushi "kutusalimia", akakaa siku kumi.

Mjumbe wa sendika, chama cha wafanyakazi, aliniambia nivumilie. Nikaenda kwa mkaguzi wa kazi. Watu wengi hapa hukimbilia kwa wakili na kutaja mahakama, wakati mgogoro wa mtu na mwajiri wake lazima kwanza upite kwa mkaguzi kwa usuluhishi. Kumwona ni bure, lakini safari si bure. Nilikwenda mara tano. Nikijumlisha usafiri, nakala na siku zilizokatwa mshahara, ilifika kama dola 140. Mkaguzi alikuwa mtu mkavu, hakuonyesha kunihurumia. Aliuliza: mkataba wa kwanza uko wapi, una ushahidi gani kwamba ulifanya kazi ya mashine? Nikatoa kijitabu changu, nikamwambia kila mstari una ukurasa wake kwenye daftari lililoko maabara. Waliamriwa walilete. Lililetwa. Kurasa 112 za mwandiko wangu, wenye sahihi za mashahidi.

Yule rafiki wa sahani moja nilimwomba aje aseme neno. "Nina watoto wanne, yaya." Kwetu yaya ni dada mkubwa. Sikumjibu. Siku hizi tunasalimiana.

Tulisaini hati ya maelewano mbele ya mkaguzi. Nilirudi kwenye mashine baada ya miezi minne. Posho ya miezi iliyopita sikulipwa, nilikubali kuiacha, na mpaka leo sijui kama nilikosea. Mwaka mzima hakuna aliyekaa meza yangu wakati wa chakula. Waliniita Mama Sheria. Yeyote atakayekuambia kwamba ukidai haki watu watakuheshimu, muulize yeye alidai wapi.

Kuna na mambo mengine, ya ujumbe wa simu saa nne usiku na ya "njoo ofisini peke yako". Nitasema kifupi: usifute ujumbe hata kama unakutia kichefuchefu, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, na ujue kwamba tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006 usumbufu wa kingono ni kosa la jinai nchini kwetu. Mengine bado siwezi kuyaandika.

Mwaka 2019 mkuu mpya alikuja, akanipa zamu ya kuongoza. Nikajiona nimevuka. Nikaanza kupokea wanafunzi wa staji, yaani mafunzo kazini, na mmoja wao, binti kutoka Ruashi, alikuwa makini kuliko wote. Nikamweka kwenye kuandikisha sampuli. Alikaa huko miezi mitatu, wavulana wawili aliokuja nao wakiwa tayari wanagusa mashine. Siku moja aliniuliza kwa upole, "Yaya, mimi nitapanda lini?" Nikamjibu bila hata kuinua kichwa, "Wewe una maandishi mazuri."

Nilisikia sauti yangu ikitoka na maneno ya mtu mwingine.

Baadaye nilisoma habari za jaribio la Marekani, lililochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa chuo cha Yale. Walipeleka ombi moja la kazi ya maabara kwa maprofesa 127 wa sayansi. Karatasi ni ileile, neno kwa neno, ila nusu waliona jina John na nusu Jennifer. John alionekana ana uwezo zaidi, akapangiwa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka. Jennifer, dola 26,508. Hayo sikuyashangaa. Kilichonichoma ni kwamba maprofesa wanawake nao walimpunguzia Jennifer vilevile. Nilidhani kuonewa kunamfundisha mtu kutoonea. Kumbe kulinifundisha mahali pa kumweka binti.

Nikabadilisha vitu viwili tu. Kuandikisha sampuli sasa ni kwa zamu, wiki kwa wiki, jina lako likifika unakwenda, hata kama mwandiko wako ni wa kuku. Na maombi ya staji ninamwomba katibu ayafunike majina kabla sijayasoma. Wavulana walinung'unika kuhusu la kwanza. Mmoja akagundua, akiwa kwenye kuandikisha, kwamba vifuko vya kituo kimoja vinafika vimelowa na uzito wetu unakosewa. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia, kwa sababu wasichana waliokuwa pale kabla yake walikuwa wameliandika kwenye safu ya maoni ambayo mimi, shefu wao, sikuwa ninaisoma.

Viatu nilivipigania miaka miwili. Hatimaye nilimwandikia meneja ununuzi, nikambandikia na ile karatasi ya uzembe ya zamani na bei ya bilauri zilizopasuka. Sasa stoo ina namba 36 mpaka 46.

Binti wa Ruashi aliajiriwa. Mwezi uliopita alimaliza kazi ya kurekebisha namna tunavyopima kobalti kwenye mawe yenye chuma kingi, kazi yake kuanzia mwanzo, daftari lake limejaa. Nikaandika ripoti, nikaweka jina lake la kwanza, langu la pili, nikamwita asome kabla sijasaini. Alikaa nayo karibu saa nzima. Nikaanza kuudhika kidogo, kusema kweli, maana gari la makao makuu lilikuwa linasubiri bahasha. Akarudi, akaiweka mezani, kidole kwenye mstari wa juu.

"Yaya, jina langu umelikosea herufi."

Tukachapisha upya. Gari likasubiri.